Fundi Saa na Upindo wa Shangazi

Tarehe 6, mwezi wa pili

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, mzima kabisa isipokuwa lile goti la kushoto ambalo wewe unalijua. Baba yako anakusalimu, mgongo unamsumbua kwa kuinamia baiskeli za watu, lakini ukimwambia apumzike anasema magurudumu hayajijazi upepo. Mdogo wako Chiriku anakusalimu, tangu ulipoondoka anaongea tu, sijui anameza mate saa ngapi. Amepanda darasa na mwalimu amemhamishia dawati la mbele, si kwa sababu ya akili, ni ili amsikie vizuri anapopiga soga. Mama Vifungo anakusalimu, yuko hapa pembeni anatia vifungo kwenye mashati yetu, amesema niandike kwamba amepungua mwili, nami nimeandika, ingawa mimi sijaona. Mpangaji wa chumba cha nyuma, yule wa redio, anakusalimu, redio yenyewe imekufa tumepumzika. Paka kazaa tena. Na Shangazi yako anakusalimu kwa namna ya pekee, anasema wewe ndiye mtoto pekee wa nyumba hii aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano bila kuvuta pumzi za kuchoka.

Je, wewe hujambo? Unakula? Kikohozi kile kiliisha, au unanificha?

Barua yako tumeipata kwa mkono wa dereva wa lori la vitambaa. Ilikuwa fupi kama risiti. Umesema meneja wa kiwanda amekupa kitabu kinene, amekwambia wewe si kama wenzako, na kwamba umekisoma ukarudia. Vizuri, mwanangu, kusoma ni kuzuri, mimi niliishia darasa la nne nalo sikulimaliza. Lakini pale chini, mahali ambapo siku zote huandika "Mwanao", umeandika "Mimi mwenyewe". Niligeuza karatasi nikatazama na nyuma. Baba yako kasema labda ulikuwa na haraka. Nikamwambia haraka gani hiyo, mbona "Mwanao" ni fupi zaidi?

Macho ya Shangazi yanazidi kwenda. Bado anakaa palepale dirishani na cherehani yake, anapinda mashuka ya hospitali. Na sisi bado tunafanya kama ulivyokuwa ukifanya hata wewe ulipokuwa mdogo: akienda kujinyoosha mchana, Mama Vifungo anarudishia mlango, mimi nafumua upindo wake uliokwenda kama nyoka, tunashona upya. Akiamka anapapasa rundo lake, anasema, "Leo mkono ulikuwa mwepesi." Nasi tunasema, "Mwepesi, wifi." Basi siku inaisha.

Mwandikie neno zuri, anakuulizia. Na mimi uniambie hicho kitabu kinasema nini, maana Baba yako ukimpigia kwa simu ya kiwandani anasema ndiyo, ndiyo, kisha anakata bila kunipa.

Mimi, Mama yako

*

Tarehe 27, mwezi wa pili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kiliisha. Wasalimie wote.

Umeniuliza kuhusu kitabu, nitakueleza. Ni hadithi ya fundi saa. Alizaliwa bila kitu, akajifundisha mwenyewe, akatengeneza saa zote za mji wao, za sokoni, za stesheni, za shule. Wakubwa wa mji wakaona raha. Halafu wakasema saa ni za wote, kwa hiyo na ufundi wake ni wa wote, afungue mitambo awafundishe, hata wale wavivu. Akakataa. Akapita saa moja baada ya nyingine akitoa gurudumu moja dogo, akapanda mlimani. Mji ukapotea. Treni zikagongana na mikate ikaungua. Mwishowe wakapanda mlima kumwomba, naye akawaambia maneno ambayo mimi nimeyaandika ukutani juu ya kitanda changu: "Mimi si mali ya mtu. Sikuzaliwa kuwa fimbo ya mwenye kuchechemea."

Mama, nilipoyasoma nililia. Maisha yangu yote nimeambiwa msaidie fulani, mwachie fulani, usimpite mwenzako. Hapa kwenye laini yetu ya kushona mimi ndiye mwepesi kuliko wote, na wenzangu wanataka nipunguze mwendo ili wasionekane wazembe. Wananiita Bi Mkubwa. Waniite. Meneja anasema dunia inasukumwa na wachache wanaojua thamani yao, wengine wamepanda tu.

Ndiyo maana naandika "Mimi mwenyewe". Si kwa ubaya. Nilikuwa mtoto wa mtu, dada wa mtu, mpwa wa mtu. Nataka kwanza niwe mimi.

Na hilo la Shangazi, Mama, ni aibu. Nililifanya nikiwa mtoto kwa sababu sikujua. Mnamdanganya mtu mzima kila siku ya Mungu na mnaita huruma. Nimeambatanisha ukurasa wake. Najua hawezi kusoma mwenyewe, kwa hiyo utamsomea wewe, na nakuomba usiruke neno. Umeandikwa hivi:

"Shangazi, mashuka unayopinda hayaendi hospitali kama ulivyoyashona. Ukilala mchana, Mama anafumua upindo wako anashona upya, na imekuwa hivyo kwa miaka. Wanakuonea huruma. Mimi nakuheshimu, ndiyo maana nakwambia."

Mimi mwenyewe

*

Tarehe 14, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Salamu zetu ni zilezile, watu ni walewale, wote wazima, sitarudia maana nina hasira na nataka kufika kwenye jambo.

Sijamsomea. Ukurasa wako nimeukunja nikautia kwenye kopo la vifungo vyeusi, chini kabisa, na humo utakaa. Shangazi aliniuliza, "Mtoto kaandika nini?" Nikamwambia anakusalimu sana, anasema anakumbuka kukutungia uzi. Akatabasamu. Sasa niambie, huyo fundi saa wako angepata hasara gani?

Unasema sikukuzaa uwe fimbo ya mwenye kuchechemea. Mimi ninachechemea, mwanangu. Goti hili liliharibika nikiwa na mimba yako, na sijawahi kukuomba uwe fimbo. Nimekuomba barua.

Unaita huruma uongo. Haya. Wewe ulipojifunza kutembea ulikuwa ukianguka kila hatua, na Shangazi huyu alikuwa akipiga makofi kama umeshinda mbio. Hakukwambia, binti, huko si kutembea. Ulipiga hatua nyingine kwa sababu ya makofi yale ya uongo. Na leo unatembea mpaka unatupita.

Lakini sigombani na mtu nisiyemjua. Hicho kitabu nitumie. Mpe dereva akifunge kwenye gazeti, asikae juu yake. Nitakisoma mwenyewe, polepole kama ninavyosoma, mpaka mwisho. Nikimaliza nitakwambia ninachokiona, na wewe utanisikiliza kama ulivyomsikiliza meneja. Huko ndiko kuheshimiana.

Unisalimie hao wanaokuita Bi Mkubwa. Na usiku ujifunike.

Mama yako, ambaye hajabadilisha sahihi

*

Tarehe 2, mwezi wa nne

Mama,

Shikamoo. Kitabu hicho hapo. Nimekitoa kwa shida maana nilikuwa nakisoma kila nikipumzika. Soma yote, na hotuba ya mlimani usiiruke ingawa ni ndefu.

Nina habari. Nimetengeneza kitu. Ni kibati kidogo tu, nimekikata kwenye kopo la rangi, nikakikunja na kukisugua mpaka kikawa laini kama ukucha. Nimekifunga kwa skrubu mbele ya ule mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa. Kitambaa kinaingia kimelala, kinatoka kimejikunja mara mbili, tayari kwa sindano. Mkono hauna kazi ya kukunja, unasukuma tu. Upindo unatoka umenyooka kama umechorwa. Hakuna aliyenisaidia wala kunifundisha. Usiku ule nilikaa kitandani nikikishika tu.

Meneja amekiona, akakigeuza mkononi, akasema, "Niliwaambia huyu si kama wengine."

Unaona sasa?

Mimi mwenyewe

*

Tarehe 19, mwezi wa sita

Mwanangu,

Baba yako hajambo, Chiriku hajambo, Mama Vifungo hajambo na sasa kweli amepungua, paka wamegawiwa majirani. Shangazi nitakuja kwake. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu niliahidi kumaliza kwanza, na kitabu chako kina kurasa kama mchanga.

Sikukisoma peke yangu. Nilianza peke yangu nikaona maneno mengine yananishinda pumzi, basi nikawa nakisoma kwa sauti chumbani kwetu cha kazi, cherehani zikipumzika, na Mama Vifungo akishona vifungo. Nataka ujue hatukukidharau. Tulimpenda yule kijana alipolala njaa akifungua saa mbovu na kuifunga. Mama Vifungo alisema angemwoza binti yake. Kijana alipofika mlimani, Mama Vifungo akamkatalia: "Simtaki tena. Amekaa huko misimu yote, na bado ana shati jeupe. Nani alikuwa anamfulia? Mbona hakutajwa?" Tukatafuta kurasa za nyuma, kweli hakutajwa. Hotuba ya mlimani ilichukua magunia mawili ya mashati ya kutiwa vifungo. Mama Vifungo akauliza, "Huyu mtu hakohoi?" Baba yako alikuwa akijifanya amekuja kutafuta kofia, anasimama mlangoni anasikiliza. Sasa mteja akimjia na haraka zake anamwambia, "Mimi si mali ya mtu, keti hapo." Amekuwa hashikiki.

Na mimi nitakwambia kitu ambacho sikukitegemea. Yule mama msimamizi wa hospitali, anayeleta mashuka jioni na kuyataka asubuhi, amefanya hivyo miaka yote nami ninasema sawa mama, sawa mama. Juzi kaja, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana. Yatakuwa tayari kesho kutwa." Akanitazama kana kwamba cherehani imeongea. Akasema, "Haya, kesho kutwa." Basi. Mpaka leo ninajiuliza neno hilo dogo lilikuwa wapi. Kwa hilo mshukuru fundi saa wako, mwambie mama yako kasema asante.

Sasa Shangazi. Kuna mahali mke wa meya anamwambia fundi saa kwamba saa yake ya kwanza ilikuwa nzuri, kumbe kila siku alikuwa anairekebisha kwa kidole ili asimvunje moyo. Fundi saa akagundua, akaivunja ukutani. Nilipofika hapo nikapunguza sauti. Mama Vifungo akajichoma sindano. Shangazi akageuza uso kutoka dirishani. Akasema taratibu, "Wifi, hapo soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Na mimi mnanifanyia hivyo?"

Mwanangu, ningeweza kusema hapana. Sikuweza. Nilikwenda kwenye kopo la vifungo vyeusi, nikatoa ukurasa wako, nikamsomea wote. Sikuruka neno.

Hakulia. Alipapasa shuka alilokuwa akishona, akaifuata mistari yake kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mahali ilipopinda. Kisha akasema, "Nilikuwa fundi makoti. Watu walikuwa wakivaa kola yangu wananyoosha shingo. Na nyinyi mmenipa kitambaa nichezee kama mtoto." Akajiinua, akachukua kiti chake, akakiweka nje mlangoni. Anakaa huko mchana kutwa na mikono mapajani. Hajaingia tena chumba cha kazi. Mama Vifungo humpelekea chai, anaipokea, anasema asante kama anamshukuru mgeni.

Kwa hiyo ulikuwa mkweli. Na bado sijakusamehe. Nami nikiulizwa leo, nitafumua na kushona upya tena, miaka yote ileile, maana katika miaka hiyo aliamka kila asubuhi akajua anakwenda wapi. Sioni aibu. Huyo fundi saa aliivunja saa akatembea, alikuwa na miguu na macho. Shangazi ataivunja aende wapi? Wewe uliyempa ukweli, hukumpa na kitu cha kuushikia.

Andika. Anakaa mlangoni akisikia lori anageuza shingo.

Mama yako

*

Tarehe 30, mwezi wa saba

Mwanangu,

Sisi wazima. Hujajibu wala kupiga simu. Nilidhani umekasirika, nikasema akasirike, mimi pia ninajua kukasirika. Lakini dereva wa lori amekuja leo na barua yangu ile ya mwezi uliopita, haijafunguliwa, anasema kiwandani wamemwambia hupo. Nikamwuliza, hayupo ameenda wapi? Akasema askari wa getini kamwambia, "Yule aliyejiona," akafunga dirisha.

Nimempa dereva barua zote mbili na nimemwambia aulize kila mlango. Baba yako amekunja suruali mbili tayari kuja. Sitaki kujua nani alikosea. Nataka kujua unalala wapi.

Mama yako

*

Tarehe 11, mwezi wa nane

Mama,

Shikamoo. Dereva amenipata, amewauliza watu mtaa mzima mpaka nimeona haya. Mimi mzima. Nilisoma ile ya Shangazi nikaiweka chini, nikaisoma tena. Hiyo naiacha hapo, nitasema ya kwangu.

Baada ya kibati changu kufanya kazi, meneja alikichukua kwa siku moja tu, alisema anataka kukipima. Wiki iliyofuata kila cherehani ya laini yetu ilikuwa na kibati kama hicho, cha chuma, kimepigwa chapa ya kiwanda. Nikamwendea ofisini. Nilimkuta na kitabu kilekile mezani, nakala nyingine.

Nikamwambia, "Kile ni changu."

Akasema, "Kilichozaliwa ndani ya kiwanda ni cha kiwanda."

"Kitabu ulichonipa kinasema kazi ya akili ni ya mwenye akili."

Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto. "Binti, kile ni kitabu."

"Ulisema unakiamini."

"Nilikupa uchape kazi. Sikukupa ili uje unijibu."

Mama, nilirudi kwenye mashine yangu, wote wananiangalia. Nikafungua skrubu, nikatoa kile cha kwanza, kile cha kopo la rangi, nikakitia mfukoni, nikatoka kwa mlango wa mbele ambao sisi hatupiti. Nilifanya sawasawa na fundi saa. Sijuti, na ingekuwa leo ningetoka tena.

Lakini nikwambie linaloniuma. Fundi saa alipoondoka, mji ulisimama. Mimi nilipofika getini nilisimama kusikiliza. Mashine zote zilikuwa zinaendelea. Hata moja haikusimama. Zilikuwa zinaendelea vizuri zaidi, kwa kibati changu.

Usidhani nimeacha kukiamini kitabu. Aliyekosea ni meneja, si fundi saa. Ninakaa kwa msichana wa pasi, yule anayenyoosha nguo kiwandani, mmoja wa wale waliokuwa wakiniita Bi Mkubwa. Siku niliyotoka alinifuata barabarani na kitambaa cha pasi mkononi, akasema, "Wewe na kiburi chako mtalala wapi?" Amenipa nusu ya godoro. Ninamfulia na kumfagilia ili nisiwe nimebebwa. Anasema ninafagia kwa hasira, vumbi linarudi.

Usinitumie kitu. Baba asije. Nikirudi hapo nyumbani mikono mitupu nitakuwa kama wale waliopanda mlima kuomba. Siombi, Mama. Si kwako wala kwa mtu yeyote.

Kibati ninacho. Nakitazama tu.

Mimi mwenyewe

*

Tarehe 16, mwezi wa nane

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa huyo msichana wa pasi, ambaye kuanzia leo ni binti yangu atake asitake. Baba yako anakusalimu, amekunjua suruali zake kwa shingo upande. Nilimwambia, "Umesikia, amesema usije. Ukienda kumbeba utakuwa umemvunja." Akasema, "Mwanangu mimi." Nikamwambia, "Na mimi nilimwokota?" Ameenda kujaza upepo gurudumu ambalo halina tatizo. Chiriku anakusalimu, nilipomsomea barua yako alinyamaza kabisa. Tulidhani anaumwa.

Nitakwambia kwanza langu, kisha nitakuandikia la Shangazi, maana yeye ana lake na amekaa hapa pembeni anahakikisha ninaliandika.

Langu ni hili. Umefanya vizuri kutoka kwa mlango wa mbele. Nilipofika hapo nilipiga meza, bobini za uzi zikaanguka. Mtu anakupa kitabu kinachosema usikubali kuporwa, halafu anakupora, halafu anakucheka kwa kukisoma. Simama hapohapo, usimpigie magoti. Na kama mashine ziliendelea, ziendelee. Wewe hukutoka ili mashine zisimame. Ulitoka kwa sababu ungebaki ungekuwa umekubali.

Sasa la Shangazi. Nilikuwa ninasoma barua yako kwa sauti hapo mlangoni, ili asikie bila mimi kumwita. Nilipofika mahali pa kibati nikapita, nikaenda kwa meneja. Akasema, "Rudi. Hicho kibati kinashikaje kitambaa?" Nikatafuta ile barua yako ya mwezi wa nne. Nikamsomea: kitambaa kinaingia kimelala, kinatoka kimejikunja, mkono unasukuma tu. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya paja kama vinasukuma kitu. Akasema, "Hicho hakihitaji macho."

Kisha akabeba kiti chake mwenyewe akakiingiza ndani. Mama Vifungo alitaka kumsaidia, akamwambia, "Mimi si mali ya mtu, sogea."

Haya ni maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza kitu:

"Mpwa wangu. Uliniambia ukweli kwa jeuri, na mimi ninakujibu kwa jeuri. Nimekasirika na bado nimekasirika. Lakini kati ya watu wote wa nyumba hii, ni wewe tu uliyedhani ninaweza kuuvumilia. Sasa sikiliza. Hicho kibati nakitaka kwenye cherehani yangu. Sikitaki bure. Ukinipa kwa huruma nitakitupa chooni. Nina kitu ambacho huna wala meneja wako hana: kola ya koti, ile inayokaa shingoni bila kushikwa. Sikumfundisha mtu, hawakuniuliza, walikuwa wanahangaika na macho yangu. Ninaikata kwa vidole, macho hayakuwahi kuhusika. Lete kibati, uchukue kola. Tunabadilishana, fundi kwa fundi. Ukishafunga skrubu na kujifunza kola, ukitaka kuondoka, mlango unaujua. Na upindo wangu utaukagua wewe, mbele yangu, nikiwa macho. Ukipinda, useme umepinda."

Amemaliza. Amenikabidhi na kipande cha uzi mweusi, anasema ni kipimo cha shingo ya Baba yako, utajua cha kukifanyia.

Unaona hapo hakuna kuomba. Hakuna mlima wala wa kuupanda. Ni kazi imekuita, na unaweza kuikataa kama kazi yoyote.

Nimebaki mimi, maana mimi sina cha kubadilishana na wewe. Sijui kola, sijui kibati, na vitabu nasoma kama mtu anavuka matope. Nimefikiri sana juu ya hilo, nikaona nikuandikie bila kuzunguka: mimi nakupenda bure. Pendo hili hukulipata kwa wepesi wa mikono na hutalipoteza kwa kiburi. Fundi saa wako akiona ni kosa, ashuke huko mlimani aje aniambie mbele ya macho yangu, nami nitamsikiliza hotuba yake yote mpaka mwisho, kisha nitamwuliza shati lake nani kalifua. Hili silipunguzi hata uzi mmoja. Wewe ni wewe mwenyewe, sawa, nimekubali, nimelizoea sasa hata linanifurahisha. Lakini na mimi ni mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe nimeamua hivyo.

Dereva nimemwambia asiondoke hapo mlangoni kwako mpaka uandike. Ana vitambaa vya watu na injini haizimi, atapiga honi, majirani watatukana. Basi usimweke. Andika nyuma ya karatasi hii hii, hata mstari mmoja, hata ukisema hapana, uweke sahihi yoyote unayoitaka, umpe sasa hivi aniletee.

Mimi mwenyewe, Mama yako